Kamera naipenda, aliyeniuzia simtaki hata kumwona

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mnisamehe mapema. Kamera yenyewe ni hizi ndogo za kutia mfukoni. Niliinunua Kariakoo kabla ya harusi ya mdogo wangu, mwezi sikumbuki, ila mvua za vuli zilishaanza maana nilifika dukani viatu mkononi. Habari za megapikseli ngapi na inavuta mara ngapi mtazisoma kwenye boksi. Mimi nina kesi moja tu.

Siku ya kununua yule kijana alikuwa mchangamfu kweli. "Dada, ngoja nikusetie kabisa, ukifika unapiga tu." Nikaona huyu mtu ana utu. Akabonyeza huku, akabonyeza kule, akanigeuzia kioo: kona ya juu iliandikwa 9999. "Unaona? Picha elfu kumi kasoro moja. Hii kadi haijai mpaka bibi harusi azae." Nikacheka, nikalipa kamera na kadi yake, nikasema asante. Asante!

Harusi ilikuwa Tanga. Matarumbeta yalipoingia uani, bibi yangu, ambaye tangu babu afariki hajawahi kucheza mbele za watu, aliinuka, akajifunga kanga kiunoni, akaingia kati. Dakika mbili hazikufika. Nikamnasa: mkono mmoja juu, macho kafumba, meno yake yale matatu yote nje. Kwenye kioo cha nyuma ya kamera ilikuwa picha ya kutundika ukutani. Kile kioo ni kiongo, sasa najua. Ni kidogo mno, hata picha mbovu inapendeza mle.

Niliporudi Dar nikaipeleka studio wanisafishie kubwa, saizi ya A3, niiwekee fremu. Mzee wa studio akaifungua kwenye kompyuta, akaikuza, akanyamaza. Uso wa bibi ukawa vijiboksi vitupu, kama kajengwa kwa matofali. "Mwanangu, hii ni nukta 640 kwa 480. Ikitakiwa itoke safi, ni sentimita 5 na kitu kwa 4." Yaani kama ya paspoti. Bibi yangu anacheza ndani ya picha ya paspoti! Na chini kulia, juu ya kanga, kuna tarehe ya rangi ya chungwa iliyogongwa kwenye picha yenyewe, tena ya mwaka ambao bibi harusi alikuwa bado anavaa sare za shule.

Ndipo nikaelewa ile 9999 ilitoka wapi. Kijana alishusha ukubwa wa picha mpaka chini kabisa ili namba inichanganye. Ile kadi ingejaa mapema tu kama picha zingekuwa picha.

Nikarudi dukani. Nikamkuta anakula chipsi mayai, hakuinuka. Nikaeleza kwa upole, Mungu shahidi. Akaitupia picha jicho, kijiti bado mkononi, akasema, wala si kwangu, kwa wenzake: "Kamera haina kosa. Kosa la mkono." Wakacheka. Akacheka na mteja mwingine ambaye hata hakujua tunazungumzia nini. Nikaomba basi anionyeshe pa kurekebisha. "Dada, kitabu kimo kwenye boksi." Kitabu chenyewe cha Kichina. Nilitamani kuzimwaga zile chipsi. Sikuzimwaga, na ninajuta.

Sasa inakuja sehemu isiyopendeza kuandika. Nilijifungia nyumbani siku mbili na menyu ya kamera. Ukubwa wa picha nikaupandisha mpaka L, yaani kubwa kabisa, ubora nikaweka wa juu, na 9999 ikaporomoka mpaka elfu moja na ushee. Tarehe nikaizima. Nikapiga picha ya sebule jioni nikisubiri muujiza. Chenga tupu!

Kumbe ISO, ile namba ya kamera kuongeza ukali wa kuona mwanga, ilikuwa kwenye oto, na giza likiingia inajipandisha yenyewe mpaka 3200. Kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, kwenye kamera kama yangu, upana wake ni milimita 6 hivi, sawa na ukucha wa kidole cha mwisho. Ukikilazimisha kione gizani kinakupa chenga, halafu kamera inajitia kuzifuta, inafuta na ngozi ya watu, wanatoka kama wamepakwa mafuta ya mgando. Nikaifungia isivuke 400, nikaiweka juu ya meza badala ya kuishika, nikatega ile ya kuhesabu sekunde 2 ili hata kidole changu kisiitikise. Birika la chai likatoka hadi mikwaruzo yake unaihesabu.

Nikazidi kuchimba, na kila nikichimba najikuta mwenyewe. Ile kuvuta watu wa mbali ukumbini? Lenzi ilishafika mwisho wake, kilichobaki kamera ilikuwa inakata kipande cha picha na kukitanua. Nikakizima. Uso wa mdogo wangu kuwa mweusi ti ndani ya shela? Kamera iliona weupe mwingi ikadhani jua limewaka, ikapunguza mwanga. Ilitaka kuongezwa mwanga kidogo tu, +0.7, na kitufe chenyewe kipo nyuma hapo, kimenikodolea siku zote. Na ule ukungu wa nusu ya picha za chakula ulikuwa alama ya kidole changu kwenye kioo cha lenzi. Kidole cha pilau.

Kwa hiyo yule kijana alikuwa na haki? Nusu. Hapana, robo. Mkono wangu ulikosea mambo manne, lakini wa kwake ndio uliogusa lile moja lisilorekebishika. Picha chafu unaweza kuihangaikia, picha ndogo ndiyo hiyo hiyo.

Nilikuja hapa kuipa kamera nyota moja. Naona naipa nne, mchana inapiga vizuri kushinda simu yangu. Kesho nikiiona ile ya bibi labda nitazirudisha mbili. Duka silipi hata kivuli cha nyota. Mkinunua, msikubali kusetiwa na mtu.

Sikukuu iliyopita nilikwenda Tanga, nikamweka bibi uani penye mwanga mzuri wa asubuhi, L, ISO 100, lenzi nimeifuta kwa kitambaa cha miwani. Akakaa wima kama yuko kwa mkuu wa wilaya.

"Bibi, cheza kidogo tu, kama siku ile."

"Bila matarumbeta?"

"Nitakuwekea ya kwenye simu."

Akanitazama kuanzia miguuni. "Unataka nicheze, mjukuu wangu? Olewa."