Bluey: katuni ya dakika 7 iliyonitoa kwenye uongo

Baba yangu alipofariki mwaka jana, mwanangu wa miaka mitano tulimwambia babu amesafiri. Na sisi utotoni tuliambiwa hivyohivyo. Basi kila gari likisimama nje, mtoto mbio mlangoni. Wiki ya tatu akaniuliza babu atarudi lini na ile baiskeli aliyomwahidi. Nikakosa la kusema.

Siku hizo nilikuwa namwekea Bluey atulie nipate kupika. Ni katuni ya Australia, ilianza kurushwa 2018, mtunzi ni Joe Brumm na imetengenezwa na Ludo Studio ya Brisbane. Familia ya mbwa: baba Bandit, mama Chilli, na mabinti wao Bluey na Bingo. Kipande kimoja ni kama dakika 7, hakimalizi bando.

Kilichonikalisha chini kinaitwa Copycat. Bluey na baba yake wanamkuta ndege mdogo ameumia, wanamkimbiza kwa daktari wa mifugo, anakufa. Kafa, basi. Wakifika nyumbani Bluey anaigiza yote upya: yeye ndiye baba, Bingo ndiye ndege. Mama, aliyepewa udaktari, anataka ndege apone. Bluey anakataa, ndege alikufa. Mwanangu akanigeukia: "Mama, na babu amekufa?" Nikamwambia ndiyo. Tulilia wote wawili. Tangu siku ile magari hayakimbilii tena.

Kuna na Onesies, yaani mavazi ya kipande kimoja yanayofunika mwili mzima. Dada wa Chilli anakuja baada ya kupotea muda mrefu, na Bluey anauliza kwa nini. Anaelezwa kwamba kuna kitu mtu anaweza kukitamani sana na bado kisiwe riziki yake. Mtoto anayetazama anaona tu habari ya vazi la duma ambalo Bluey analitamani na halimtoshi. Mdogo wangu, mwaka wa saba kwenye ndoa na bado watu wanamuuliza mbona hazai, alikuwa amekaa nami kwenye mkeka. Aliomba turudie.

Ila The Sign, kile kirefu cha dakika 28 cha mwaka 2024, sikukubaliana nacho. Uchungu wa kuhama nyumba wameueleza vizuri mno, halafu dakika za mwisho familia haihami. Waliokataa kumfufua ndege, hapa wameogopa nini? Pia tunayotazama sisi ni ya Kiingereza, tena cha Australia, kwa hiyo nakaa pembeni natafsiri, na vichekesho vingi vinapotelea njiani. Hata hivyo nawashauri wazazi mkae mtazame na watoto, msiwaachie simu peke yao. Maswali huja hapohapo.

Juzi nimemkuta mwanangu nyuma ya nyumba, kamviringisha mwanasesere kwenye kipande cha kanga, anachimba kwa kijiko. Nusura nimwambie mwanasesere amelala tu. Nikaenda jikoni nikachukua kijiko kingine, nikachuchumaa tukachimba wote.