Nilipewa jembe siku ya kwanza: mwaka wangu katika bustani ya tiba, Malindi

Nianze na lawama, ili sifa zikija msidhani nawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Siku ya kwanza nilipofika kwenye bustani hii, ambamo wenye majeraha ya moyo hulima pamoja ili wapone, Agosti 2024, nilipewa jembe nikaambiwa nichimbe mashimo sita ya mipapai, futi mbili kwenda chini. Hakuna aliyeniuliza kilichonileta. Kwa mtu mwingine hilo si kosa. Mimi nilikuwa fundi wa visima.

Shimo la kwanza lilikwenda vizuri, mchanga mkavu mtupu. La pili, nilipofika usawa wa goti, nikakutana na mchanga mbichi, ule mweusi kidogo unaoshikana mkononi, na harufu yake ikapanda. Asiyewahi kuingia kisimani sijui nimweleze vipi. Ni harufu ya ubaridi, kama mtungi mpya unaotiwa maji kwa mara ya kwanza. Masikio yakaziba. Viganja vikaanza kuwaka pale pale kamba ilipopita. Nilipozinduka nilikuwa juu ya pikipiki, niko njia ya Sabaki, na kofia yangu aliyoidarizi mke wangu nimeiacha imetundikwa kwenye tawi la mwarobaini.

Novemba 2022 tulikuwa tunachimba kisima cha mtu, mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Yeye chini, mimi juu kwenye kapi. Futi 34. Ardhi ile ni ya mchanga, na kisima cha mchanga huvishwa kalvati, yaani pete za zege, kadiri unavyoshuka: unachimba chini ya pete, pete inashuka, unapachika nyingine juu yake. Mwenye kisima alinunua pete chache. Zikaisha, huku juu ukabaki mchanga uchi. Akasema nyingine zitakuja wiki ijayo, tuendelee tu. Tukaendelea. Hiyo "tukaendelea" ni yangu, maana mkubwa wa kazi nilikuwa mimi. Ukuta ulipoporomoka haukutoa kelele ya maana. Nilichojua ni kwamba kamba iliyokuwa ikicheza mikononi mwangu iliacha kucheza. Hapo nitaishia.

Nikaacha visima, nikachukua pikipiki kwa mkopo. Mvua ikinyesha nilikuwa silali ndani, nalala barazani. Nikaambiwa nina jini, nikasomewa, na sisemi uongo, kusomewa kulinisaidia. Nilikuwa napata usingizi wa siku mbili tatu. Halafu Aprili 2023 ikaja habari ya Shakahola, msitu ambako waumini wa mhubiri mmoja walifunga mpaka kufa. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa mle msituni, miezi na miezi, na kila televisheni ya kibanda cha chai hapa mjini ilikuwa inaonyesha jambo moja: watu, mabeleshi, mashimo. Sikuwa na ndugu kule. Lakini nilihama vibanda vyote vya chai. Ni msiba ule pia ulioliingiza neno "ushauri nasaha" mitaani kwetu. Watu wa Msalaba Mwekundu walikuwa wanakaa na familia zilizokuja kuwatafuta jamaa zao, na ikawa si ajabu tena kusema mtu anaumwa kwa jambo aliloliona. Abiria wangu mmoja, mwuguzi, aliniona navuta breki kila nikipita penye mtaro unaochimbwa. Ndiye aliyenielekeza bustanini.

Ni kama nusu ekari, nje kidogo ya mji. Jina lake silitaji, na si wenyewe walioniomba. Ni kwa ajili ya wanaokuja. Kuna kijana tuliyekuwa tukipalilia naye ambaye kwa miezi hakukubali kuandikwa daftarini. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilikuwa kinamfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, wa kushitakiwa na kufungwa, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Kijana alikuja na habari hiyo kwenye simu, akatusomea yote, kisha akaenda mezani akaandika jina lake, la baba yake na la babu yake, kwa herufi kubwa.

Turudi kwenye kofia. Wiki tatu baada ya kukimbia, dereva mwenzangu wa stejini akaniletea ujumbe: "Kuna hawe mmoja huko bustanini anasema kofia yako imeingia buibui, ukaichukue." Hawe kwa Kigiriama ni bibi, na huyu ndiye mwenye bustani hasa, ingawa kwenye karatasi za wafadhili hayumo. Nikaenda kwa nia ya kuchukua kofia na kuondoka.

"Mjukuu wangu, jembe lilikukosea nini?"

"Si jembe, hawe. Ni shimo."

Hakuuliza shimo gani. Alisema, "Basi njoo huku, kuna kazi ya kusimama."

Kazi ya kusimama ni magunia. Unalisimamisha gunia, katikati unaweka kopo kubwa la mafuta ya kupikia lililokatwa juu na chini. Ndani ya kopo unajaza kokoto, nje yake udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi. Kisha unalivuta kopo juu kiasi cha shibiri moja, unajaza tena, unavuta tena, mpaka gunia limejaa na kopo limetoka mkononi mwako, na kokoto zimebaki katikati kama nguzo. Maji ukiyamwaga juu yanashuka kwenye kokoto na kusambaa pembeni taratibu. Ubavuni unatoboa matundu, unapandikiza mchicha, mnavu, sukuma wiki.

Nilikuwa kwenye gunia la tatu nilipotambua ninachofanya. Kopo lile ni kalvati. Ni kisima kile kile, ila hiki kinakwenda juu. Nikacheka peke yangu, watu wakanitazama. Siku ile nilijaza magunia 11, na harufu ya udongo mkavu uliochekechwa si harufu ile nyingine. Nilirudi Jumanne iliyofuata bila kuitwa.

Mambo yanavyokwenda: Jumanne na Alhamisi, saa mbili hadi saa tano asubuhi, kabla jua halijawa kali. Hulipi kitu. Kuna kopo la mchango wa chai, na asiyetia haulizwi. Nusu ya kwanza kila mtu na kazi yake. Baadaye chai ya rangi na mahamri chini ya mwarobaini, na anayetaka kusema husema. Wengine mwaka mzima hawajasema neno, na hakuna anayewasukuma.

Mshauri nasaha huja Alhamisi peke yake, na hiyo ni dosari kubwa, maana wanaokuja Jumanne ni sisi kwa sisi tu. Siku moja mama aliyefiwa na mtoto alizidiwa katikati ya matuta Jumanne, na tuliokuwepo tulibaki kumpepea kwa kipande cha boksi mpaka hawe alipomshika mabega. Penye majeraha kama haya pangekuwepo mtaalamu kila siku, au pafungwe siku ambazo hayupo. Nimewaambia hivyo mbele yao.

Lakini akiwepo, huyu dada anajua kazi yake. Hakuniweka kitini tukatazamana. Tulikuwa tunatenganisha miche ya mrehani, ile midogo yenye mizizi kama nywele, macho yote mawili yako kwenye vidole, na kabla sijajua nimeshafika kwenye futi 34. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema yote tangu maziko. Hakuacha kutenganisha miche. Baadaye aliniambia kwamba huko London, tangu miaka ya 1990, kumekuwa na mpango wa kuwapa manusura wa mateso vipande vya kulima, na mshauri huongea nao hapo hapo shambani, kwa sababu mtu aliyewahi kuhojiwa chumbani hataki tena kukaa chumbani mbele ya mtu anayeuliza maswali. Hilo lilinikaa. Mimi polisi waliniuliza maswali ofisini siku ile ile, suruali ingali na mchanga.

Alinieleza pia kwa nini nilikimbia. Mwili hauna kalenda, alisema. Pua ikileta harufu ya siku ile, moyo unaenda mbio za siku ile, kabla akili haijapata nafasi ya kusema huu ni mpapai. Dawa si kujilazimisha shimoni. Ni kusogea kidogo kidogo, na mwenyewe ndiye unayeamua hatua. Tangu nilipolalamika, mgeni yeyote huulizwa mlangoni: "Kuna kitu humu usichotaka kukishika?" Mama mmoja alisema panga. Kijana mwingine alisema hataki kuwashiwa moto wa takataka karibu. Hawauliziwi sababu.

Siku nyingine alitusimulia habari za mtafiti wa Marekani, Roger Ulrich, aliyechapisha mwaka 1984 habari za wagonjwa waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Waliolazwa penye dirisha linalotazama miti walitoka mapema kuliko waliotazama ukuta wa matofali, na dawa kali za maumivu walizihitaji chache kuliko wale. Mzee mmoja mvuvi akainua mkono: "Na waliopewa kuipalilia hiyo miti, je?" Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Jibu mshauri akawa nalo: Uholanzi watu 30 walipewa kwanza kazi ya kuwachosha akili, kisha baadhi wakalima kwa nusu saa na wengine wakasoma. Homoni ya msongo, kotisoli, ilishuka kwa wote, lakini kwa waliolima ilishuka zaidi. Watu 30 ni wachache, alikiri mwenyewe. Nampendea hilo, hauzi dawa ya mnada.

Sasa maji. Mchicha wa matuta ya chini ulikuwa unaungua ncha, majani yanakunjamana kama karatasi iliyopita karibu na moto. Wakapulizia majivu, wakapulizia mwarobaini, wapi. Siku moja nikachota maji ya bomba kwa kiganja nikaonja. Chumvi. Huku pwani maji matamu yanakaa juu ya maji ya bahari chini kwa chini, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Ukishusha pampu mno, au ukivuta kwa pupa mchana kutwa, unamaliza mafuta na kuupandisha mchuzi. Na wao walikuwa na pampu ya sola inayokwenda tangu jua linapochomoza hadi linapozama, kwa kuwa haina gharama!

Wakaniomba nikatazame kisima. Nilisimama hatua kumi hivi kutoka mdomoni mwake nikawa natoa maagizo kama nahodha aliyebaki ufukweni. Yule kijana wa daftari ndiye aliyefunga jiwe kwenye kamba na kupima. Kamba niliomba nisiishike. Tukaipandisha pampu futi 9, ikawa inawashwa nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, katikati kisima kinapumzika. Masika ya 2025 yalipopita, mchicha ukatulia. Sukuma wiki bado inasuasua. Mke wangu anasema tangu siku hiyo ya maji nimeanza tena kuongea wakati wa kula. Mimi sikuwa nimejua kwamba niliacha.

Yeye mwenyewe alikataa kuja mpaka Juni. Nilimwelewa, ndugu ni wake. Alipokuja alikaa chini ya mwarobaini asubuhi nzima akichambua mrehani, hakunisemesha. Hawe akampa miche ya kupanda nyumbani, naye akaipakata nyuma ya pikipiki kama mtoto. Karibu na mjini akasema sikioni mwangu, "Kaka alikuwa anapenda mnavu." Miaka miwili na nusu nilikuwa nikidhani hataki kumtaja mbele yangu. Gunia lake liko karibu na mlango wa jiko, na yeye ndiye anayelitilia maji.

Nikipewa nyota tano, natoa nne. Ya tano naizuia kwa ajili ya Jumanne bila mshauri, choo kimoja kwa watu thelathini, na wageni wa kamera. Hao wa kamera wanakuja na fulana mpya, wanapiga picha watu wakiwa wameinama, wanaondoka. Mara mbili nimeona mama zetu wakifunika nyuso kwa leso. Wenye bustani wanasema bila picha hakuna fedha. Basi wapige mchicha.

Anayesikia sauti, au asiyelala siku nne mfululizo, au anayepanga kujidhuru, aanzie hospitali. Bustani imfuate baadaye. Mshauri mwenyewe ameshawapeleka wawili ninaowajua, na wamerudi na dawa zao mfukoni, wanapalilia. Mimi mvua ya usiku ingali inaniamsha, ila siku hizi nalala ndani. Mashimo ya mipapai alikuja kuyachimba mtu mwingine.

Ukienda, chukua kofia na maji yako ya kunywa, maana ya bomba sasa yanafaa kwa mchicha tu. Na usiende mikono mitupu: tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwaka 2017, miche wanaioteshea kwenye pakiti tupu za maziwa, na siku zote hazitoshi. Osha, toboa matundu matatu chini, mpelekee hawe. Ukimkuta anachekecha udongo, mwambie umetumwa na mwenye kofia.