Mafunzo ya uongozi kwa vikundi vya hisa, Wete: siku ya pili ndiyo yenye thamani

Mafunzo haya ya siku mbili, yanayotolewa katika ukumbi wa skuli moja hapa Wete, Pemba, yanawalenga wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa, hasa akina mama wa mwani na wa biashara ndogo ndogo, na dai lake kubwa ni kwamba uongozi haumsubiri mtu achaguliwe. Kikundi hulipa shilingi 30,000 na kupeleka wanachama watatu, chai na chakula cha mchana vikiwemo. Nilikwenda kwa niaba ya kikundi chetu, nami si mwenyekiti wala katibu bali mshika ufunguo mmoja wa sanduku la fedha tu, yaani mtu yule yule ambaye waandaaji walisema wamemkusudia.

Siku ya kwanza haina mengi ya kusifiwa. Mkufunzi alifungua vizuri kwa hadithi mashuhuri ya Mtume kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, kisha akawasha projekta, na tangu hapo hadi adhuhuri tukasomewa sifa za kiongozi bora ukutani, mifano yote ikiwa ya wakurugenzi na mameneja. Mwanamke anayeshinda akifunga taitai, vile vijikamba vya kushikizia mwani, kwenye kamba za shambani pwani hana la kufanya na dira ya taasisi.

Siku ya pili projekta haikuwashwa kabisa. Liliwekwa mezani sanduku la chuma lenye kufuli tatu, kama lile linalojulikana katika vikundi vyetu, na funguo wakapewa washiriki watatu wasio na cheo. Mmoja akaigiza shangazi wa mshika ufunguo, aliyekuja usiku kuomba sanduku lifunguliwe kimya kimya kwa sababu ana mgonjwa. Mama aliyeshika ufunguo alimjibu kwa upole, "Shangazi, nakuonea huruma, lakini ufunguo huu nimewekeshwa tu." Sote tulidhani zoezi limekwisha, ila mkufunzi akauliza, "Na mgonjwa je?" Hapo mama yule akafikiri kidogo, akasema kwamba atapita nyumba kwa nyumba kuwaita wenzake wakutane baada ya sala ya Isha, mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana wakati wa shida, ufunguliwe mbele ya wote. Kwa maoni yangu, saa ile moja ilitosha kuhalalisha ada nzima, kwa kuwa wengi wetu tunajua kukataa, au tunajua kuona haya na kukubali, lakini kumtafutia mtu njia iliyo halali hatujazoea.

Zoezi la kuhesabu fedha nalo lilikuwa zuri: mhesabuji hutaja kila kiasi kwa sauti, na kabla ya kufunga kikao wanachama wote hukariri salio, ili asiyejua kusoma awe na kumbukumbu sawa na ya katibu.

Kasoro iliyoniudhi zaidi ni ratiba. Mafunzo yaliwekwa katikati ya bamvua, siku ambazo maji hujaa na kutoka kupita kiasi, kuanzia saa tatu asubuhi, ilhali siku hizo maji hutoka sana mnamo saa nne na wakulima wa mwani huwa wamekwisha shuka pwani. Viti vingi vilibaki vitupu. Nilipomuuliza mwandaaji mmoja, alijibu kwamba ratiba ilipangwa Unguja, jibu la ajabu kwa watu wanaofundisha kuwasikiliza unaowaongoza (kana kwamba Unguja hakuna bamvua).

Chakula kilitosha, na cheti hutolewa mwishoni, ingawa sijaona kinamfaa mtu kwa lolote. Kikundi kinachotaka kushiriki kimpeleke mhesabuji na washika funguo badala ya mwenyekiti, ambaye mara nyingi keshahudhuria semina za kutosha, na kabla ya kulipa kiwatake waandaaji waweke tarehe za maji mafu, yaani siku ambazo maji hayatoki sana. Wakikubali kutoa siku ya pili peke yake kwa nusu ya ada, msisite.