Tulivyowapa wanafunzi tovuti yetu ya Lamu waifanye upya: uzoefu wangu

Nianze na hukumu, kwa msomaji mwenye bando dogo: tovuti yetu sasa inasomeka, na wale vijana ningewaita tena. Ila safari nyingine wataweka saini karatasi ya makabidhiano kabla hawajagusa kitu.

Sisi ni kikundi cha waongoza wageni na manahodha hapa Amu, yaani mji wa Lamu. Tovuti yetu haiuzi kitu. Inamweleza mgeni afikeje, atembee wapi, avae nini. Ile ya zamani ilifunguka na ujumbe wa mwenyekiti, maono, dhamira, picha kubwa zinazopita zenyewe, kisha historia ya Ngome tangu ilipoanza kujengwa 1813 hadi ilipokamilika 1821, na habari kwamba mji wa kale uliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Yote kweli. Lakini mgeni anayetaka kujua atavukaje kutoka uwanja wa ndege wa Manda ilibidi ateremke na kidole mpaka kichoke. (Ni boti, daraja hakuna.)

Vijana walitoka chuo kimoja cha Pwani, na hii ilikuwa kazi yao ya muhula. Nilidhani wataanza na rangi. Wakaanza kwa kutuomba maswali yote ambayo wageni hututumia kwenye WhatsApp. Waliyaandika kwenye vikaratasi, wakavitandaza barazani, wakatuambia tuvipange mafungu wenyewe. Menyu ikatoka humo: Kufika, Kutembea, Adabu za Mji, Sikukuu. Ujumbe wa mwenyekiti ukahamia ukurasa wa mwisho. Mwenyekiti alinuna, halafu akapoa.

Mchoro wao wa kwanza, waliouchora kwa Figma, programu ya kuchora kurasa, ulikuwa maridadi lakini uliweka safari ya magofu ya Takwa saa tatu asubuhi, kila siku. Nahodha wetu mmoja aliutazama akacheka: "Mwanangu, saa tatu ya maji yapi?" Takwa huingiwa kwa mkondo wa mikoko, na maji yakitoka boti inakaa matopeni. Maji kujaa nako husogea kama dakika 50 kila siku, basi saa ya kudumu itoke wapi? Hawakubisha. Walifuta saa, wakaandika kwamba safari hufuata maji na mgeni apige simu siku moja kabla. Maulidi vilevile: ukurasa wa zamani ulikuwa umebaki na tarehe ya mwaka uliokwisha kupita. Sasa unasema ni mwezi wa Mfungo Sita, na kwamba kwa kalenda ya Januari hadi Desemba sikukuu hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Sentensi hizo mbili zimenifaa kuliko mapambo yote waliyoongeza.

Majaribio waliyafanya pale Mkunguni, mbele ya Ngome: unampa mtu simu, unamwambia atafute jinsi ya kufika kutoka Mokowe, gati la bara, unanyamaza na kumtazama. Kiongozi wao alimtaja Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliyeandika mwaka 2000 kwamba watu watano wanatosha kufichua kama asilimia 85 ya kasoro. Sawa, lakini watano wa kwanza walikuwa vijana watupu, na wote walifaulu. Alipopewa mzee mmoja, juani, hakuona kitu: maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe. Kipimo cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazosomeka na wote, kinataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi na rangi ya nyuma ya walau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Wao wenyewe walikuwa wamekisoma darasani. Wakakoleza wino. Picha nazo wakazipunguza na kuzigeuza kuwa WebP, aina ya faili nyepesi, na sasa ukurasa wa mwanzo unafunguka hata mtandao ukiwa wa kusuasua.

Sasa machungu. Tovuti mpya ilikuja na anuani mpya za kurasa, na hakuna aliyeelekeza zile za zamani kwenye hizi. Kwa muda mgeni aliyetufuata kupitia Google aliambiwa ukurasa haupatikani. Dawa yake inajulikana, maelekezo ya kudumu ya namba 301 yanayompeleka mtu kutoka anuani ya zamani hadi mpya, na ilipaswa kuwepo siku ileile ya kuzindua. Kubwa zaidi: akaunti ya jina la tovuti ilikuwa kwenye barua pepe ya mwanafunzi mmoja, naye muhula ulipokwisha akaenda mafunzo ya kazini bara. Tulimtafuta kama mpini wa jembe lililozama. Alipopatikana alitupa kila kitu kwa moyo mweupe, sina neno naye, lakini jina la tovuti hulipiwa kila mwaka, na ada ingepita bila sisi kujua.

Kwa hiyo ukitaka huduma kama hii, barua pepe ya akaunti zote iwe ya kikundi, nywila wajue watu wawili, na mmoja wenu afundishwe kubadilisha maandishi mwenyewe mbele ya wanafunzi, kwa mikono yake. Kwetu ni binti wa katibu, na hubadilisha nauli za boti bila kumwita mtu.

Malipo hawakudai. Tuligharamia basi hadi Mokowe, boti, malazi na chakula, pamoja na ada ya jina na ya kuhifadhi tovuti. Kurasa za Siyu na Pate bado hazijaandikwa. Kundi la muhula ujao limeshaulizia, na karatasi ya makabidhiano iko tayari kwa katibu.