Nadharia ya muziki kwa masikio tu: masomo ya sauti yanafaa kwa nani?

Mimi ni fundi cherehani na mwimbaji wa teno. Mikono yangu ina kazi mchana kutwa, masikio hayana, na kitabu cha nadharia hakisomeki huku unakunja pindo. Ndiyo maana nimesikiliza masomo ya sauti ya kila namna: podikasti ambamo mwalimu anaeleza huku kinanda kiko mbele yake, mazoezi matupu ya kusikia na kujibu, na zile rekodi ambamo sauti moja inashikiliwa muda mrefu ili uimbe juu yake. Namwandikia mtu ambaye do re mi anaijua kutoka kwaya, lakini akiulizwa kwa nini fa inavutwa kushuka kwenda mi, anaishia kutabasamu.

Swali hilo la fa ndilo ninalopimia somo. Mwalimu dhaifu anatoa kanuni na kusonga mbele. Mzuri anapiga fa na ti kwa pamoja, umbali wa toni tatu kamili, na anaziacha zikusumbue. Halafu ti inapanda nusu toni ikatua kwenye do, fa inashuka nusu toni ikatua kwenye mi, na kifua chako kinashuka nazo. Maelezo yanakuja baadaye, na kwa wakati huo huna haja nayo sana. Yupo mmoja ninayempenda kwa sababu anakatisha wimbo kabla ya kodi ya mwisho (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) na kukuachia ukimya uimbe mwenyewe do unayoitarajia. Safari nyingine anakupeleka kwenye kodi ya la badala ya do, nawe unajikuta umeinua kichwa kutoka kwenye mashine.

Yako mambo ambayo karatasi haiyafikii kabisa, na hapo ndipo masomo haya yanastahili sifa zote. Chukua suala la kulinganisha sauti. Unapigiwa sauti ya hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, ile noti A ambayo vyombo vingi hupimiwa, kisha nyingine ya hezi 442 inawekwa juu yake. Unasikia wimbi likija na kuondoka mara mbili kila sekunde. Ile ya pili ikishushwa hadi 441, wimbi linakuwa moja kwa sekunde; zikilingana linatoweka. Baada ya hapo linafuata somo lililonishika kuliko yote: mi ya piano iko juu kidogo ya ile mi inayotulia juu ya do kwa uwiano wa 5 kwa 4. Imezidi kwa takriban asilimia 14 ya nusu toni, kwa sababu piano imeigawa oktava, yaani umbali wa do hadi do inayofuata, vipande 12 vilivyo sawa. Zikipigwa moja baada ya nyingine, ya kwanza inametameta kwa wasiwasi, ya pili inakaa kimya kama maji kwenye beseni. Sasa najua kwa nini kwaya ikianza wimbo bila kinanda, nacho kikaingia ubeti wa pili, kitu kinakwaruza hata pale ambapo hakuna aliyeshuka. Mwalimu wetu hulaumu besi.

Midundo nayo inafundishika vizuri mno. Kipimo cha 3/4 na cha 6/8 vyote vinajazwa na noti sita fupi zilizo sawa, na aliyesoma kwa macho tu huviona kama ndugu pacha. Isikie MOJA-mbili TATU-nne TANO-sita, kisha MOJA-mbili-tatu NNE-tano-sita, na ugomvi umekwisha.

Kinachonikera ni mtindo wa kufundisha umbali wa sauti kwa vipande vya nyimbo maarufu: umbali huu ni mwanzo wa wimbo fulani, ule ni mwanzo wa wimbo mwingine. Unakariri haraka, ni kweli. Lakini sol kupanda do na do kupanda fa ni umbali uleule, na mwimbaji yeyote anajua kwamba ya kwanza inafika nyumbani na ya pili inaondoka. Ukishika kipande cha wimbo mmoja, utaitambua ya kwanza na kuikana ya pili. Zile rekodi za sauti iliyoshikiliwa, ambazo hazina hata neno moja, zinafundisha jambo hili vizuri zaidi: do inanguruma chini, wewe unaimba re, unasikia inavyotaka kwenda, unaipeleka.

Kabla ya kusikiliza, fungua mipangilio ya programu yako. Baadhi ya programu za podikasti huruka sehemu zenye ukimya ili kuokoa muda, na ukimya ndio nafasi yako ya kujibu. Zima hiyo. Usiongeze kasi pia: siku hizi sauti haipandi ukiongeza kasi, ila somo la mwendo wa wimbo linakuwa uongo mtupu. Na usitegemee spika ya simu. Sauti za chini kabisa haizitoi, kwa hiyo ukiulizwa ni noti gani iko chini ya kodi, utajibu kwa kubahatisha. Spika za masikioni, hata za kawaida, zinatosha.

Kusoma noti hutafundishwa kwa njia hii, tusidanganyane. Niliwahi kusikiliza somo zima ambamo mtu anasoma kwa sauti idadi ya shapu, alama za kupandisha noti nusu toni, za kila ufunguo, C haina, G moja, D mbili, A tatu, mpaka mwisho. Karatasi moja ingemaliza yote hayo kwa mtazamo mmoja. Vivyo hivyo F shapu na G flati, yaani G iliyoshushwa nusu toni: kwenye kinanda ni kitufe kimoja, sikio haliwezi kuzitenganisha, na tofauti yake huonekana kwenye maandishi.

Pagumu zaidi ni ngazi ndogo, ule mpangilio wa noti ambao nyumbani kwake ni la badala ya do. Zipo sura tatu: ile ya asili inayoanzia la, ile ambayo sol yake imepandishwa nusu toni, na ile ambayo fa na sol zote hupandishwa wakati wa kupanda na kurudishwa wakati wa kushuka. Masomo mengi niliyosikiliza yanazipitisha zote tatu kwa pumzi moja. Ukifika hapo, simamisha, chukua chaki na uziandike do re mi zake mstari kwa mstari, kisha rudisha nyuma usikilize tena. Mimi niliziandika kwenye kitambaa cha mabaki.