TAHADHARI: Anauza "Nepenthes rajah", anatuma mbegu za mchicha

Ndugu zangu wapenzi wa mimea inayokula wadudu, kuna mtu anazunguka na kutuuzia hewa. Anajitambulisha kama mkulima wa maua wa Lushoto, ana maneno matamu, majina ya kisayansi anayajua, na anadai ana miche na mbegu za Nepenthes rajah kutoka Malaysia, mmojawapo wa nepenthesi, yaani mimea ambayo majani yake yanabeba mitungi ya kunasia wadudu. Msimtumie hela. Jina lake silitaji kwa sababu hadi sasa nimeshayakuta matatu, na laini za simu anabadilisha kama mashati. Nitaeleza anavyofanya kazi, ili hata akija na jina la nne mumjue kwa mwenendo wake.

Mimi mwenyewe nimepigwa. Shilingi 180,000. Nasema kwa aibu, maana huu ni mwaka wa sita nalea nepenthesi hapa Arusha, na wageni wakija mimi ndiye ninayewapa somo.

Alianzia mbali. Mwezi wa pili alinipigia akasema anaanza kulea mimea hii, kapewa namba yangu na mwenzetu, anaomba kuja kuona. Nikamkaribisha. Alikuja Jumamosi asubuhi, akanywa chai na maandazi, akauliza maswali ya maana kabisa: maji gani natumia, kivuli kiasi gani, kwa nini siweki mbolea. Akapiga picha kila kona ya baraza, na mimi nikawa namshikia chungu kwenye mwanga ili picha itoke vizuri. Alipoaga nikampa vipandikizi vitatu vya ventrata, nepenthesi ya kawaida, nimevifunga kwenye gazeti lililoloweshwa. Bure. Ndivyo tulivyozoeana; hata cha kwangu cha kwanza nilipewa na mzee mmoja mstaafu wa Moshi aliyekataa hata soda.

Mwezi wa tano simu ikaita tena. Binamu yake anafanya kazi Sabah, huko Malaysia, mzigo umeingia, na kabla hajawatangazia wengine ameniwekea mche mmoja wa rajah pamoja na mbegu ishirini. "Dada yangu, wewe ndiye uliyenifundisha, siwezi kukupita." Akatuma picha za mitungi myekundu mikubwa kama birika. Akatuma na picha ya cheti chenye mhuri. Niliona mhuri, sikusoma cheti. Nitarudi kwenye hicho cheti.

Kwa wageni, ngoja nieleze kwa nini rajah inamtoa mtu akili. Duniani inaota kwenye milima miwili tu, Kinabalu na Tambuyukon, huko Sabah katika kisiwa cha Borneo, kuanzia kama mita 1,500 hadi 2,650 kutoka usawa wa bahari. Joseph Hooker aliiandika kisayansi mwaka 1859, na hadi leo ndiyo mfalme wa hobi hii. Mtungi wake mkubwa unabeba maji zaidi ya lita mbili. Panya wamewahi kukutwa wamezama humo, ila chakula chake kingine kinachekesha zaidi: kuna mnyama mdogo wa mlimani, mfano wa kindi, anayepanda mdomoni mwa mtungi kulamba utamu ulioko chini ya kifuniko, na akiwa amekaa pale pale anajisaidia ndani. Mmea unakula hicho kinyesi. Choo cha mlimani, basi. Na kwa kuwa inapenda usiku wa baridi, sisi wa Arusha, Lushoto na Njombe tunajiona tumeumbiwa kuilea. Tapeli alijua akune wapi.

Mzigo ulikuja kwa basi. Nikaufuata stendi, nikaubeba mapajani kwenye daladala kama keki ya harusi. Nyumbani nikafungua boksi.

Ndani ya chungu cha plastiki kulikuwa na kijiti cha urefu wa kalamu, kimechomekwa kwenye udongo mweusi wenye samadi. Samadi! Mizizi ya nepenthesi haijazoea chakula. Mmea unapata lishe kwenye mtungi, na udongo wenye rutuba unaiunguza mizizi hiyo. Sisi tunapanda kwenye sfagnamu (kuvu-maji laini, aina ya mosi) na pelaiti (vijiwe vyeupe vyepesi), au kwenye makumbi ya nazi yaliyooshwa mpaka chumvi ikaisha. Nilipokivuta kile kijiti kilitoka chote bila kukwama. Hakikuwa na mzizi hata mmoja. Mizizi ya nepenthesi mnaijua: ni myeusi, myembamba, ukiigusa vibaya inakatika. Hiki kilikatwa juzi yake na kuchomekwa tu.

Kilikuwa na majani manne na mtungi mmoja ulioanza kukauka. Sasa wekeni hili kichwani, maana ndiyo njia ya haraka ya kuitambua rajah hata kwenye picha. Ule uzi unaobeba mtungi, kwa nepenthesi nyingi unatoka kwenye ncha kabisa ya jani, kana kwamba jani limerefuka. Kwa rajah uzi huo unachomoza chini ya jani, kabla ya kufika kwenye ncha. Wangu ulitoka kwenye ncha. Na ule mtungi ulikuwa umebanwa kiunoni, chini kijani, juu umepigwa wekundu. Hiyo ni ventrata, chotara wa kawaida ambaye nusu yetu tunaye, ambaye hata ukimsahau wiki mbili anakusamehe. Niligawa vipandikizi vitatu vya mmea huo huo bure, kisha nikanunua kimoja kwa bei ya mbuzi.

Mbegu nazo zilikuwa kwenye kipakiti cha nailoni. Nyeusi, mviringo, zinang'aa, ndogo kama punje za mchanga. Mbegu ya nepenthesi haifanani na hiyo hata kidogo. Ni nyembamba kama unywele, rangi ya majani makavu, imevimba kidogo katikati, nyepesi kiasi kwamba ukipiga chafya umezipoteza zote. Huko kwao upepo ndio unaozisambaza. Tena haziwekeki: zikikaa miezi kadhaa nyingi zinakuwa zimekufa, kwa hiyo hata mbegu halali iliyokaa dukani muda mrefu ni hasara. Na kuota kwake kunachukua mwezi mmoja hadi mitatu, wakati mwingine zaidi.

Zangu ziliota siku ya nne. Nilizipanda makusudi nione ni nini. Zilitoka wima, nzuri, kwa furaha zote. Mchicha. Nikauhamishia nyuma ya jiko, na mwezi wa sita tukaula na ugali. Mume wangu mpaka leo akiona mboga mezani anauliza kama ni ile ya Borneo.

Baada ya hapo ndipo nikakaa na kile cheti, miwani machoni. Kilikuwa cheti halisi cha afya ya mimea, sina shaka nacho. Ila sehemu ya jina la mmea iliandikwa Persea americana. Ndugu zangu, hilo ni parachichi. Na mzigo haukuwa unaingia nchini, ulikuwa unatoka, unakwenda Uholanzi. Kuna mkulima wa parachichi mahali fulani ambaye karatasi yake inatumika kuuza kijiti changu, na huenda hana habari.

Kwa hiyo mkitumiwa cheti, kisomeni. Jina la kisayansi la mmea lazima liwepo, na nchi ya kutoka na ya kwenda pia. Mmea hai ukitoka nje unahitaji kibali cha kuingiza kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na kibali hicho kinaombwa kabla mzigo haujaanza safari. Makao yao makuu yako hapa hapa Arusha. Mimi naishi daladala mbili kutoka kwao na sikwenda kuuliza, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Kwa rajah kuna zaidi: mkataba wa CITES, wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, umeiweka kwenye Kiambatisho cha Kwanza, chenye masharti makali zaidi, pamoja na Nepenthes khasiana ya India, huku jamii nyingine zote za nepenthesi zikiwa Kiambatisho cha Pili. Rajah iliyong'olewa porini haiuzwi kibiashara. Iliyozalishwa kitaluni inauzwa, lakini kwa vibali. Hata kama huyu bwana angekuwa na rajah ya kweli aliyobebewa na binamu kwenye begi la nguo, bado isingefaa kuinunua. Nepenthes clipeata ya mlima Kelam, hapo hapo Borneo, imebaki kidogo mno porini, na wakusanyaji wana mkono wao katika hilo.

Nilikuwa nimenyamaza. Unajisemea hela imekwenda, aibu ni yako, songa mbele. Kilichonifungua mdomo ni kijana mmoja wa Mwanza, mwanafunzi, aliyeniandikia mwezi wa kumi: "Shikamoo mama, samahani, naomba unisaidie, hii ni rajah kweli?" Alikuwa ameshatuma 60,000 kama malipo ya awali. Akaniwekea picha ya mmea aliouziwa.

Nilikijua kile chungu. Ni kopo la rangi la lita nne, nililitoboa mwenyewe kwa msumari wa moto, na ukingoni kuna ufa nilioushona kwa waya. Nyuma yake inaonekana kanga yangu imeanikwa. Ule mkono ulioshika kopo ni mkono wangu.

Picha alizipiga barazani kwangu siku ile ya maandazi, na kwa muda wote huo anaziuza. Mwingine wa Morogoro ameshaniambia alionyeshwa kopo hilo hilo, na yeye aliambiwa mmea ni wa asili, umechumwa msituni Usambara. Hapo pia muwe macho. Bara la Afrika halina nepenthesi ya asili. Za jirani zetu wa karibu ziko visiwani: Madagaska na Shelisheli. Usambara ina maua yake na mengine mengi ya kujivunia, lakini mtungi hauoti kule. Mimea yetu wenyewe inayokula wadudu ipo, ila ni ya aina nyingine, kama drosera zenye matone ya gundi kwenye majani na utrikularia za kwenye maji na mabwawa. Hazifanani kabisa na kilichopo kwenye zile picha.

Kwa hiyo mkiona kopo la rangi lenye ufa ulioshonwa kwa waya, huo mmea ni wangu na hauuzwi.

Siku hizi nikiulizwa jinsi ya kumpima muuzaji, nasema muombe video, siyo picha. Aandike tarehe ya leo na jina lako kwenye karatasi, aiweke pembeni ya mmea, azungushe simu polepole mpaka uone shina linapoingia kwenye chungu. Mwenye mmea anafanya kwa dakika mbili na anafurahi, kwa sababu sisi wote tunapenda kuonyesha. Tapeli atakwambia chaji imeisha, mtandao mbovu, yuko shambani. Huyu wangu baadaye nilimpima kwa namba nyingine, akasema mke wake amelala chumba chenye mimea. Halafu muulize anamwagilia maji gani. Akisema ya bomba au kisima, hasa kwa huku kwetu Arusha maji yalivyojaa floraidi na madini mengine, jua hajawahi kulea nepenthesi ikafika mwaka. Tunatumia ya mvua, au yaliyochujwa mpaka kipimo cha madini kikashuka chini ya 50 (ppm). Hela itolewe mzigo ukiwa mbele yako. Kama ni mbali, tafuta mwenzetu wa mji huo aende akaone, hakuna atakayekataa.

Na wa Dar, nawaomba, mwacheni na anayewauzia sarasenia na mtego wa nzi, mimea mingine inayokula wadudu, "zilizozoea joto". Hizo ni za Amerika Kaskazini, zinataka miezi ya baridi zilale. Pale Mbagala zitalala kweli, lakini hazitaamka. Na zile za rangi ya bluu mnazoonyeshwa pichani, hiyo ni rangi ya kompyuta.

Mliokwisha kutuma hela, namba aliyowapigia itumeni kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, ili ifanyiwe kazi, na mwende polisi na meseji zote pamoja na risiti za muamala. Mimi nimeshafungua jalada langu. Tukiwa wengi wenye picha ya kopo moja, itakuwa vigumu kwake kusema ni bahati mbaya. Msifute mazungumzo hata kama yanawatia hasira.

Vipandikizi bado nitagawa, ila picha mtapiga za majani tu, na nitakuwa nimekaa pale pale.

Kijana wa Mwanza nimemkatia viwili, kila kimoja macho matatu, majani nimeyapunguza nusu ili visipoteze maji, nimevifunga kwenye sfagnamu yenye unyevu ndani ya chupa ya maji iliyokatwa. Vimeondoka na basi la alfajiri. Nimemwambia atahitaji maji ya mvua ya kutosha miezi miwili mpaka mizizi itoke, akanitumia video: uani kwao kuna ndoo tatu zimepangwa chini ya bati, na karatasi yenye tarehe ya leo na jina langu.