Programu ya kupimia magari inayodai ruhusa ya msimamizi: uzoefu wangu gerejini Ndeeba

Hapa gerejini kwetu Ndeeba, Kampala, tunapima magari kwa laptopu, na kazi ya programu yenyewe sina neno nayo. Wateja wetu wengi wana Toyota zilizotumika Japani: Premio, Wish, Noah. Unachomeka kebo kwenye soketi ya matundu 16 chini ya usukani, na punde unaona injini inasumbuliwa na nini. Juzi ililetwa Premio yenye taa ya injini inayowaka. Programu ikatoa msimbo wa hitilafu P0171, yaani hewa imezidi petroli. Tukasoma vipimo vya sensa ya hewa injini ikiwa inanguruma, tukaifungua, kumbe imejaa vumbi. Ilisafishwa, taa ikazima. Bila kipimo hicho mteja angenunuzwa pampu ya petroli bure.

Mafundi wenzangu huniuliza: mbona inataka akaunti ya msimamizi, ile yenye ruhusa ya kubadilisha mfumo mzima wa kompyuta? Dai hilo lina haki kwa sehemu kubwa. Kebo haielewani na Windows mpaka iwekewe draiva, yaani programu ndogo inayoiunganisha na kompyuta, na draiva hufanya kazi ndani kabisa ya mfumo, mahali ambapo hitilafu moja inaweza kuzima kompyuta nzima. Ndiyo maana mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuisakinisha. Leseni nayo ina huduma yake inayoanza kila kompyuta inapowashwa, hiyo pia huwekwa na msimamizi. Lakini hayo ni mambo ya siku ya kusakinisha.

Ninapokataa ni pale mwongozo unaposema programu iendeshwe kama msimamizi kila siku. Nimefuatilia sababu: mipangilio na ripoti za wateja inaziandika ndani ya folda yake yenyewe, kwenye Program Files, mahali Windows inapoweka programu zilizosakinishwa. Enzi za Windows XP hilo lilipita, kwa kuwa watu wengi walitumia akaunti ya msimamizi muda wote. Tangu Windows Vista ilipoingia madukani mwaka 2007, hata mwenye akaunti ya msimamizi akifungua programu hivi hivi, inaendeshwa kwa nguvu za mtumiaji wa kawaida, ambaye hawezi kuandika humo. Windows ina mahali pengine palipotengwa kwa data za programu. Waliotengeneza hii hawakujisumbua kuhamia huko, mzigo wakatutwisha sisi.

Na mzigo wenyewe si mdogo. Laptopu moja inashikwa na vijana wote wa gereji, na flashi zinaingia zimetoka kwa wauza nyimbo. Kirusi kikifunguliwa kwa nguvu za msimamizi kinaweza kuzima ulinzi wa kompyuta na kujichimbia mahali pagumu kukitoa. Kazi za gereji nzima zinasimama.

Tulichofanya ni hiki. Ukiwa msimamizi, bonyeza folda ndogo ya ripoti na mipangilio kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia kwenye sifa zake, kisha usalama, uwape watumiaji wa kawaida ruhusa ya kurekebisha. Iwe folda hiyo tu. Ukitoa ruhusa hiyo kwa folda nzima ya programu, mtu yeyote anaweza kubadilisha faili kuu akaweka la kwake. Sasa vijana wanapima magari kwa akaunti ya kawaida, na nenosiri la msimamizi ninabaki nalo mimi.

Kwa ubora wa vipimo ningeinunua tena. Ila wewe unayetaka kununua ya aina hii, kabla hujatoa pesa mwambie muuzaji aifungue mbele yako kwenye akaunti ya kawaida, asome gari moja na kuhifadhi ripoti.